Kasuku wa Kijivu: Kutoka Kwenye Tenga Hadi Juu ya Mti

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa hifadhi, maafisa wa forodha, madaktari wa mifugo, wazee wetu wa vijiji vinavyopakana na msitu, na ninyi vijana wa doria mliojipanga huko nyuma kama kawaida yenu: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, hamjambo.

Tumeombwa tuzungumzie kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu ambaye wengi wenu mmemwona ndani ya kizimba barazani kwa mtu mara nyingi zaidi kuliko juu ya mti. Makazi yake ya asili yanaanzia kusini mashariki mwa Côte d'Ivoire, yanapita Ghana, Nigeria, Kamerun, Gabon na Kongo zote mbili, yanaingia Uganda na kugusa Kakamega nchini Kenya na msitu wa Minziro mkoani Kagera. Kwa hiyo sisi huku mashariki tumeshika ukingo wa eneo lake. Ukingoni ndiko ndege hutoweka kwanza, na mtu hagundui mpaka siku atakapouliza mbona asubuhi kumenyamaza.

Neno letu ni hili: kasuku huyu huokolewa akiwa bado msituni. Akishaingia kwenye tenga, kinachofuata ni kupunguza hasara tu. Lakini matenga yanaendelea kukamatwa, na kupunguza hasara nako kuna ufundi wake. Ndege akivuka salama mikononi mwa mnasaji halafu akafia kwenye stoo ya kituo cha polisi, hakuna aliyemwokoa.

Tuanze na hesabu. Kasuku mzima ana uzito wa gramu 400 hadi 500, kama kifaranga wa kuku wa miezi miwili, lakini uzazi wake ni wa polepole mno. Huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka mitatu hadi mitano. Jike hutaga mayai 2 hadi 4, huyaatamia siku 28 hadi 30 bila kutoka kwa muda mrefu, na muda huo wote dume ndiye anayemlisha. Makinda hukaa kiotani wiki 11 au 12. Wakitoka bado hawajui lolote. Hufuata wazazi kwa miezi wakijifunza mti gani una matunda mwezi gani, maji yako wapi, kipanga hupita saa ngapi. Kiota chenyewe ni tundu la mti mkubwa, mara nyingi mita 10 hadi 30 kutoka chini, na kasuku hana mdomo wa kigogota wa kulichimba. Hungoja tawi likatike na kidonda kioze, jambo ambalo huchukua miaka mingi. Miti yenye matundu ya namna hiyo ni mizee, na mizee ndiyo msumeno huanza nayo.

Sasa chukua jike aliyenaswa wakati wa kuatamia: mayai yamekwisha siku hiyohiyo. Chukua dume badala yake: jike anabaki bila wa kumlisha, anatoka kutafuta chakula, mayai yanapoa. Ndiyo maana tunasisitiza wakubwa. Kisiwani Príncipe, katika nchi ya São Tomé na Príncipe, watu walichukua makinda viotani kwa miaka mingi mpaka ukamataji ulipopigwa marufuku mwaka 2005, na hata hivyo kasuku wamebaki kwa wingi. Viota vingi vilikuwa kwenye miteremko isiyopandika, na waliochukuliwa walikuwa makinda zaidi kuliko wazazi. Uchambuzi wa takwimu za kisiwa hicho ulionyesha kwamba namna ya kunasa ndiyo inayoamua: kundi linaweza kustahimili kupoteza makinda kiasi fulani, lakini ukishaanza kunasa wakubwa linaporomoka upesi. Hatusemi haya kumpa mtu yeyote kibali cha kupanda viota. Tunayasema kwa sababu huku bara wanaonaswa kwa wingi ni wakubwa.

Matokeo yake yanaonekana Ghana. Watafiti walirudi kwenye sehemu za kulala ambazo miongo miwili nyuma kila moja ilikuwa na kasuku 700 hadi 1,200. Waliona ndege 18. Makadirio yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, ni kwamba Ghana imepoteza asilimia 90 hadi 99 ya kasuku wake tangu mwaka 1992. Misitu ilikatwa, ni kweli, lakini kasuku walipungua kupita kiwango cha msitu uliopotea. Sababu iliyobaki ni biashara.

Na biashara tunayo kwenye maandishi. Kumbukumbu za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, zinaonyesha kwamba kati ya 1982 na 2001, kasuku wa kijivu takriban 657,000 waliokamatwa porini waliingia soko la kimataifa. Hao ni waliofika kwenye karatasi. Makadirio ya vifo kabla ya kusafirishwa ni kati ya ndege 30 na 66 katika kila 100. Fanyeni hesabu: ili ndege 1,000 wapande ndege ya mizigo, lazima msitu utoe karibu 1,430 hali ikiwa nzuri, na zaidi ya 2,900 ikiwa mbaya. Marekani ilibana uingizaji kwa sheria ya mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, ukaufunga moja kwa moja mwaka 2007. Mkondo ukageukia Ghuba, Asia na wafugaji wa Afrika Kusini. Desemba 2010, kasuku zaidi ya 700 waliokuwa wametolewa Kongo walikufa ndani ya ndege ya abiria iliyotoka Johannesburg kwenda Durban, safari ya takriban saa moja. Mwaka 2016, mkutano wa CITES uliofanyika hukohuko Johannesburg ulimpandisha kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imekatazwa. Biashara haikufa. Ilihamia kwenye pikipiki, boti na njia za panya.

Jinsi anavyonaswa ni muhimu kwenu, maana ndiyo inayoeleza majeraha mtakayoyakuta. Mnasaji hatafuti kasuku mmojammoja. Anatafuta mahali wanapokusanyika: mti wa kulala, mbuga ya wazi katikati ya msitu wanakoshuka kunywa maji na kula udongo wa chumvichumvi, au mchikichi uliozaa. Anapanda kabla ya mapambazuko, anafunga kasuku hai kama chambo ili awaite wenzake, na kuzunguka hapo anatandaza vijiti vilivyopakwa ulimbo, yaani utomvu wa mti uliochemshwa mpaka ukawa gundi. Wanaotua wananata miguu, wakipigapiga mabawa nayo yananata. Mbugani hutumia nyavu. Ndege akishashushwa, manyoya ya kurukia hukatwa kwa kisu au mkasi, pengine hung'olewa kabisa, kisha anasokomezwa kwenye tenga lililo na wenzake kadhaa. Safari ya kwenda mjini inaweza kuchukua siku kadhaa, akilishwa muhogo au asilishwe.

Tenga hilo likifika mikononi mwenu, msilifungue nje. Wapo ambao mabawa hayajakatwa. Wataruka na ulimbo mwilini, watanata kwenye tawi la kwanza na kufa hapo. Tafuteni chumba, zibeni madirisha kwa khanga au magunia, zimeni feni, ndipo mfungue. Picha zipigwe kabla ndege hawajaguswa: tenga lilivyo, lilivyofungwa, maandishi yoyote yaliyopo. Hesabuni hai na wafu, tena wafu msiwatupe. Mfu mmoja aliyehifadhiwa kwenye barafu (asigandishwe kama daktari anaweza kumfikia ndani ya siku moja) huweza kueleza ugonjwa ulioko kwenye kundi zima. Mahojiano na aliyekamatwa yasiishie kwenye jina na kabila. Aulizwe ndege walinaswa wapi na lini, maana jibu hilo litaamua watarudishwa wapi.

Kisha gaweni ndege kwa makundi matatu kwa kuangalia tu. Wanaong'ata na kupiga kelele wana nguvu: wapeni nafasi, maji, chakula, giza kidogo na utulivu, halafu waacheni. Mtu akiwasogelea kila dakika kumi kuwatazama anawaua polepole. Waliojikunyata, manyoya yamefura na macho yanasinzia, hao ni wa kuangaliwa leo. Waliolala sakafuni ni wa sasa hivi.

Kwa kundi la tatu, utaratibu ni joto, halafu maji, halafu chakula, na haugeuzwi. Ndege aliyepoa hawezi kumeng'enya. Ukimjaza uji, unakaa kwenye kifuko cha chakula kilichopo shingoni, unachacha, na kesho amekufa ilhali umeandika kwamba alikula vizuri. Pasheni sanduku hadi nyuzi 28 au 30 za Selsiasi, kwa balbu iliyozibwa asiifikie au chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, upande mmoja tu ili akiona joto limezidi asogee. Maji ya kuongeza chini ya ngozi ni kazi ya daktari: mililita 50 kwa kila kilo, maana yake mililita 20 kwa ndege wa gramu 400, yakiwa ya uvuguvugu. Mwenye nguvu ya kumeza apewe maji yenye chumvi na sukari ya hospitali, matone machache kwa wakati, pembeni mwa mdomo. Mlegevu asipewe chochote kwa mdomo na asiye na mafunzo. Maji huingia njia ya hewa, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila haraka.

Ulimbo unaweza kungoja siku mbili tatu. Hili watu hawalipendi, kwa sababu ndege aliyenata anatia huruma na kila mtu anataka kumwosha. Kuosha ni msukosuko mkubwa kuliko gundi yenyewe. Siku ya kwanza pakeni unga wa mahindi au jivu laini lililopoa juu ya ulimbo ili usiendelee kunata, basi. Akishapata nguvu, tumieni mafuta ya kula kidogo kwa pamba, yakande mpaka ulimbo ulegee, ufuteni, halafu osheni mafuta kwa sabuni laini ya vyombo iliyozimuliwa na kusuuza kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu. Bawa moja leo, la pili kesho kutwa. Mafuta yakibaki, manyoya hayashikani na ndege hushindwa kujikinga na baridi. Petroli na mafuta ya taa marufuku. Huchoma ngozi, na ndege akijisafisha kwa mdomo anayanywa.

Sasa manyoya, ambayo ndiyo yanayoamua ndege atakaa kituoni miezi miwili au miaka miwili. Kila bawa lina manyoya 10 makubwa ya nje, na hayo ndiyo yanayomsukuma mbele. Unyoya uliokatwa hauoti tena kama ukucha. Shina lake linabaki limekwama kwenye ngozi mpaka zamu yake ya kupukutika ifike, na zamu hizo hupokezana unyoya mmoja baada ya mwingine, hivyo bawa zima huchukua karibu mwaka kujaa. Uliong'olewa wote huanza kuota mapema zaidi, lakini tundu lake kwenye ngozi likichanika, linaweza kutoa unyoya uliopinda au lisitoe kabisa. Ndiyo maana ushauri wa "ng'oeni mashina yote tupate mapya" tunauogopa. Daktari mwenye dawa ya usingizi anaweza kung'oa machache kwa sababu maalumu. Askari mwenye koleo asijaribu.

Unyoya mpya unapoota una damu ndani ya shina, na hauna nguvu. Kwa kawaida hulindwa na majirani wake waliokomaa. Ndege aliyekatwa bawa zima hana majirani hao. Unyoya wa kwanza unachomoza peke yake, anaanguka kutoka kwenye kijiti, unavunjika, unatoka damu, na mwezi umepotea. Dawa yake ni rahisi: vijiti vya kutua viwe chini, sentimita 30 au 40 kutoka sakafuni, viwe vya mti wenye magamba asiteleze, na sakafu iwekwe magazeti mengi ya kubadilishwa kila siku. Ndege akishapata manyoya matatu au manne mfululizo, vijiti vipandishwe.

Ipo njia ya kuharakisha, ambayo wafugaji wa kozi wa Uarabuni wameitumia tangu zamani: kupandikiza. Unachukua unyoya wa ndege aliyekufa, wa bawa lilelile na nafasi ileile, unaukata ulingane urefu, unachonga kijiti chembamba cha mwanzi kiingie kwenye shina la kale upande mmoja na unyoya mpya upande wa pili, unagundisha kwa gundi ya dakika chache huku mwenzako amemshika ndege kwa taulo. Ukipinda nyuzi chache tu, unyoya utasugua wa jirani na kuuvunja. Zamu ya kupukutika ikifika, shina la kale hudondoka na kiraka chake na wa asili huota. Sharti lake ni kwamba mfu huyo awe amepimwa na kukutwa hana ugonjwa wa mdomo na manyoya, kwa sababu virusi vyake hukaa kwenye vumbi la manyoya. Kupandikiza bila kupima ni kugawa ugonjwa.

Tukija kwenye karantini, siku 30 ndio mwanzo, nasi tunapendelea 45 hadi 60 kwa kundi lisilojulikana lilikotoka. Kundi jipya halichanganywi na la zamani hata kwa siku moja; likichanganywa, hesabu ya siku huanza upya kwa wote. Pimeni ugonjwa wa mdomo na manyoya, ambao hauna tiba. Pimeni kideri na mafua ya ndege. Pimeni pia homa ya kasuku, inayotibiwa kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 45 kamili, hata kama ndege amechangamka siku ya kumi.

Homa ya kasuku huambukiza watu, kwa vumbi la kinyesi kikavu. Kwa hiyo lowesheni sakafu kwa maji yenye dawa kabla ya kufagia, na vaeni barakoa inayobana. Askari aliyebeba tenga, akipata homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu wiki moja au mbili baadaye, amwambie daktari kwamba alishika kasuku. Asiposema atapewa dawa ya malaria, na ugonjwa utaendelea.

Chakula. Huko msituni kasuku hupenda sana nyama ya nje ya chikichi, na hiyo iwe msingi pale michikichi ilipo. Ongezeni mahindi mabichi, kunde zilizochemshwa, papai, mapera, mboga za majani. Alizeti tupu, ambayo wauza ndege huipenda kwa urahisi wake, humkosesha madini ya chokaa. Kasuku wa kijivu ni mwepisi kuliko kasuku wengi kupata degedege kwa upungufu huo, tena zaidi akiwa kizani bila jua. Saa chache za jua la asubuhi, pakiwa na kivuli cha kukimbilia, zinafanya kazi ambayo dawa ya dukani haiwezi. Parachichi ni sumu kwao. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, na ukungu wenyewe huota kwenye vifuko vya hewa vya ndege. Kwa sababu hiyohiyo msitandike nyasi kavu zilizonyeshewa wala maranda yenye unyevu. Kasuku anayepumua kwa kutikisa mkia na kupoteza sauti, wengi mtasema ana mafua. Mara nyingi ni ukungu, na akionyesha dalili hiyo mmeshachelewa.

Baada ya karantini ndege huingia kizimba cha kurukia. Urefu ndio unaohitajika: mita 20 au zaidi, upana mita 4 au 5, kwenda juu mita 4, wavu wa chuma wa matundu ya sentimita 2.5 ili nyoka mkubwa asipite, milango miwili yenye kijumba katikati. Msingi wa zege uchimbwe chini kuzuia nguchiro na panya. Na siafu! Kizimba kilichojengwa kwa fedha nyingi kimeweza kumalizwa na siafu usiku mmoja, kwani ndege aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Wekeni mfereji wa maji kuzunguka kizimba, majani yaliyoegemea wavu yakatwe, na mlinzi wa usiku awe na tochi na jivu.

Humo ndani ndege wafundishwe kidogo na waachwe sana. Chakula kiwekwe juu, kikiwa kwenye matawi na vishada vyake, mara mashariki mara magharibi, ili walazimike kuruka. Anayelisha asiongee nao. Ndege yuko tayari akiweza kwenda na kurudi kizimba kizima mara nyingi bila kupumua kwa mdomo wazi, akipanda juu kwa nguvu ya mabawa, akikaa na wenzake, na akikimbia akimwona mtu. Aliyezoea kusema "hodi" na kutua begani haachiwi; ataenda kijiji cha kwanza kutafuta bega, na atalipata.

Kuachia kwenyewe ndiko kunakoharibiwa zaidi na sherehe. Mgeni rasmi anapangiwa saa sita mchana, kamera zinasogezwa, mlango unafunguliwa chini, ndege wanatoka kwa hofu wakitawanyika kila upande wasikopajua. Picha inapendeza. Kasuku ni ndege wa kundi, na akitawanywa siku ya kwanza amepotea. Kizimba cha mwisho kijengwe msituni kwenyewe, wakae humo wiki tatu au nne wakisikia kasuku wa porini na kuona miti yenye matunda. Dirisha lifunguliwe juu, alfajiri, msimu wa matunda, watu wakiwa mbali, kila ndege atoke anapotaka. Wengine hutoka siku ya tatu. Jukwaa la chakula libaki nje kwa wiki nyingi, likipunguzwa taratibu. Kila ndege awe na pete ya chuma yenye namba, na kipande kidogo cha kielektroniki cha utambulisho chini ya ngozi. Mgeni rasmi aje mwezi wa pili, aonyeshwe ndege wakirudi jukwaani.

Mahali pa kuachia pawe ndani ya eneo la asili la kasuku huyu, pawe pameshapatiwa doria, na wasiachiwe karibu na kasuku wa porini kabla vipimo havijathibitisha usalama. Kasuku wa Timneh wa Afrika Magharibi, mwenye mkia wa rangi ya damu ya mzee, sasa huhesabiwa kuwa spishi yake mwenyewe, na hana kazi Kibale ya Uganda wala Maniema ya Kongo. Kuhusu magonjwa, tazameni Mauritius. Kasuku wa kijani wa kisiwa hicho, waliojulikana katikati ya miaka ya 1980 hawakufika 20. Leo wamevuka 700. Walisaidiwa kwa viota vya mbao, kudhibiti panya na kuhamisha makinda kutoka viota vyenye wengi kwenda kwa wazazi waliokosa. Lakini karibu mwaka 2005 ugonjwa wa mdomo na manyoya ulilipuka porini, kazi ya miaka ikayumba. Kama ungeanza wakati ndege ni 20, tusingekuwa na mfano wa kuwapa leo.

Hayo yote ni gharama ya kuchelewa. Fedha zikiwa chache, na huwa chache, zielekezwe kwanza kwenye miti ya kulala na mbuga za msituni. Mnasaji hawezi kufanya kazi yake kokote. Anahitaji mahali ndege wengi hukusanyika, na mahali hapo panajulikana na kila mzee wa kijiji. Watu wanne wanaokaa hapo msimu mzima hulinda kasuku wengi kuliko kituo chenye madaktari. Waajirini wanasaji wa zamani, wao wanajua kupanda na wanajua wenzao. Walinzi wa viota walipwe sehemu mwanzoni mwa msimu na sehemu makinda wakitoka, ili mti wenye kiota kitupu usiwe na thamani sawa na wenye makinda.

Mti wenye tundu upakwe alama kabla ya mkataji mbao kuingia, na alama hiyo iwe kwenye ramani ya kijiji, siyo kwenye shina peke yake; shina huondoka na lori. Pale miti mizee imekwisha, visanduku vya viota husaidia: sentimita 30 kwa 30, kina cha 60 au zaidi, mlango wa sentimita 12, wavu mdogo ndani wa kupandia makinda, matundu ya kutolea maji chini. Vikaguliwe kabla ya msimu, maana nyuki hupenda nyumba hizohizo, na kasuku hawezi kugombana na nyuki.

Kuhesabu kufanyike jioni, kuanzia saa kumi na nusu mpaka giza, watu wawili wakigawana pande za anga, wakiandika saa, idadi na upande kila kundi lilikotokea. Siku tatu mfululizo, miezi ileile kila mwaka. Hesabu ya jioni moja ni bahati, mvua tu inaweza kuipunguza nusu.

Limebaki la ndege wasioweza kurudi: waliovunjika bawa, waliozoea watu, wenye virusi. Nchini Kenya, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliwapa waliokuwa wakifuga kasuku wa kijivu hadi tarehe 31 Machi 2022 kujitokeza na kuomba vibali. Hatua kama hiyo huonyesha ndege wangapi wako majumbani, na kasuku akiwa kizimbani huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Kituo kinachopokea ndege kumi wa aina hiyo leo kimejipa kazi ambayo meneja wake atastaafu akaiacha. Wenye virusi wasichanganywe na yeyote, na daktari aamue hatima yao mapema. Walio wazima wakae wawiliwawili au zaidi, si mmojammoja. Wasizalishwe kwa ajili ya kuuza, maana kinda lililozaliwa kituoni na lililoibwa porini hayatofautiki kwa macho, na pete bandia hupatikana. Gharama ya kuwatunza iandikwe kwenye hati ya mashtaka, kwa ndege mmojammoja na kwa miaka yote, ili hakimu anapopanga faini awe na namba ya kuanzia.

Tunawashukuru. Maswali tutayapokea sasa, na madaktari waliotaka kuona namna ya kumshika ndege kwa taulo wabaki baada ya chai.